Uzoefu wangu: baiskeli ya kukunja ya inchi 20 kwenye chumvi na mchanga wa Mtwara

Huu ni mwezi wa 14 naendesha baiskeli ya kukunja hapa Mtwara mjini. Magurudumu yake ni ya inchi 20, fremu ni ya alumini, gia ni 7 za nyuma na breki ni zile za kubana rimu. Uzito wake ni kilo 13. Njia zake za kila wiki ni Shangani hadi sokoni, Ligula, na Mikindani kwenda na kurudi. Mara mojamoja huingia kwenye buti la basi kwenda Lindi.

Kwa mtu anayetembea kwenye lami, mwenye chumba kidogo au anayepanda basi mara kwa mara, naisifu bila kusita. Ila asiinunue mtu anayetaka baiskeli ya kusahau. Baiskeli ya Phoenix ya chuma unaweza kuitelekeza mwaka mzima, ukaipaka oili ikaendelea. Hii ina viungo vitatu ambavyo Phoenix haina: bawaba ya katikati ya fremu, bawaba ya bomba la usukani, na bomba refu la kiti linalopanda na kushuka. Karibu kila tatizo nililokutana nalo limetoka kwenye viungo hivyo, na karibu kila mara chanzo kilikuwa chumvi, mchanga au komeo (mkono wa kufungia bawaba) lililofungwa vibaya.

Baiskeli hufika ndani ya boksi ikiwa imekunjwa, na kazi iliyobaki ni ndogo: pedeli, usukani, kiti, upepo na breki. Duka lililoniuzia lilitia karatasi ya michoro isiyo na maelezo, pamoja na spana ya bati iliyopinda kwenye pedeli ya kwanza. Tafuta spana namba 15 ya kweli, eleni (spana za pembe sita) namba 4, 5 na 6, bisibisi ya nyota, vitambaa viwili vikavu na grisi kiasi cha kijiko cha chai.

Anza na pedeli, maana hapo ndipo wengi huharibu baiskeli mpya. Kila pedeli ina herufi kwenye ncha ya chuma chake: R ni ya kulia, L ni ya kushoto. Ya kulia hukazwa kwa kufuata mshale wa saa. Ya kushoto hukazwa kinyume chake, na ukimpa fundi asiyejua atailazimisha. Paka grisi kwenye hesi zote (mikato ya kuzungushia), kisha anza kwa vidole bila spana. Pedeli iliyokaa sawasawa huingia mizunguko mitatu au minne kwa vidole tu. Ikigoma kwenye nusu mzunguko, imeingia upande, itoe uanze upya. Hesi za pedeli ni chuma kigumu na krenki (mkono unaobeba pedeli) ni alumini laini, hivyo ukilazimisha kinacholika ni krenki, na huwezi kuirudisha. Grisi hiyo ina kazi nyingine pia: hewa ya bahari ikipenya kati ya chuma na alumini, hushikamana kama vimechomelewa, na siku ya kubadili pedeli hazitoki.

Bawaba ya fremu ndiyo moyo wa baiskeli hii. Kabla ya kuifunga, futa nyuso zake mbili kwa kitambaa kikavu. Punje moja ya mchanga hapo inatosha kuziacha nyuso hizo bila kugusana vizuri, halafu uzito wako wote unabebwa na upande mmoja. Funga taratibu. Komeo likifika katikati ya safari yake, mkono uanze kuhisi uzito. Sehemu ya mwisho uisukume kwa kiganja, na komeo liache alama ya muda kwenye ngozi. Likifungwa kwa kidole kimoja, limelegea. Likihitaji kugongwa, limekazwa kupita kiasi, na siku moja bolti yake itakatika. Nati ndogo ya kurekebishia ipo upande wa pili wa komeo: izungushe robo mzunguko, funga ujaribu, kisha robo nyingine ikibidi. Komeo likifika mahali pake, kufuli dogo la usalama hujifunga lenyewe. Lisipojifunga, usiondoke, hata kama komeo linaonekana limelala vizuri.

Baada ya hapo fanya jaribio ambalo mimi hulifanya kila ninapokunjua. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, sukuma usukani mbele na kuurudisha, huku kidole cha mkono mwingine kikigusa mstari ambapo nusu mbili za bawaba zinakutana. Kidole huhisi mchezo ambao jicho halioni. Kikihisi nusu moja inateleza juu ya nyingine, hata kwa unene wa karatasi, rudi kwenye nati. Rudia hivyohivyo kwenye bawaba ya usukani.

Bomba la usukani lina siri moja ambayo karatasi yangu haikuitaja. Ukifungua bawaba yake na kulilaza bomba, chini yake kwenye shimo utaona bolti ya eleni namba 6. Hiyo ndiyo inayoshikilia bomba zima kwenye uma wa mbele. Baiskeli ikiwa mpya, bolti hiyo hulegea kidogo vyuma vikishakaa, na dalili yake ni mlio wa “tak” ukibana breki ya mbele, au usukani kutokuwa sambamba na gurudumu. Wa kwangu ulianza kulia wiki ya tatu. Ikaze kabla ya safari ya kwanza, ikague tena baada ya kilomita 50 hivi, halafu kila mwezi.

Breki. Raba ziguse rimu peke yake, zisiguse tairi kwa juu wala kuning'inia chini ya rimu. Kila upande uache kama milimita 2. Ukibana kwa nguvu zote, mkono wa breki usifike kwenye usukani, ubaki umbali wa vidole viwili. Halafu uliza jambo ambalo wengi hawaulizi: mkono upi ni wa breki ya mbele? Baiskeli zinazoingia nchini hazifanani. Nyingine mkono wa kulia ni wa mbele, nyingine ni wa nyuma. Mtu aliyezoea moja akipanda nyingine, siku ya dharura atabana asichokusudia. Zungusha gurudumu ukiwa umesimama, ujue.

Kwa uendeshaji, gurudumu dogo lina tabia zake. Usukani ni mwepesi mno. Ukitoka kwenye baiskeli ya inchi 28, siku mbili za mwanzo utaona kama inayumba. Kuinua mkono mmoja ili kuonyesha unakata kulia kunahitaji mazoezi, kwa hiyo fanya hayo mazoezi kwenye uwanja kabla ya kuingia barabarani. Shimo ambalo gurudumu kubwa hulipita juujuu, dogo huzama ndani yake na kugonga ukingo wa mbele. Ukiliona umechelewa, inuka kidogo kwenye kiti, kunja viwiko, uache baiskeli icheze chini yako. Kwenye kushuka, tanguliza breki ya nyuma, kisha ongeza ya mbele polepole huku ukirudisha makalio nyuma, maana breki ya mbele peke yake inaweza kukurusha juu ya usukani.

Kusema inchi 20 ni ya polepole si kweli. Mbele kuna meno 52, nyuma ni 14 hadi 28, hivyo gia ya juu inatosha kabisa kwenda sawa na baiskeli nyingine kwenye tambarare. Kinachotofautiana ni kazi ya gurudumu. Mzunguko mmoja wake ni kama mita 1.6, wa inchi 28 ni kama mita 2.2. Kwa kilomita 10 gurudumu dogo huzunguka zaidi ya mara 6,000 wakati kubwa halifiki 5,000. Ndiyo maana tairi na beringi za habu (kitovu cha gurudumu) huisha mapema.

Upepo nao upange kwenye ratiba. Kati ya Juni na Agosti, kusi likikaza, kwenda Mikindani utahisi kama unasukumwa, na kurudi Mtwara utalipa. Kiti kirefu na usukani mrefu hukufanya usimame kama tanga. Mimi hurudi asubuhi, kabla upepo haujapanda. Jioni giza huingia haraka, hivyo taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma zisitoke kwenye baiskeli. Taa ya nyuma usiifunge chini ya kiti tu, kwani ukibeba mkoba mrefu kwenye keria inafunikwa na dereva wa lori haioni.

Bomba la kiti limenisumbua kuliko kitu kingine. Lina mstari wa onyo, na mstari huo lazima uzame ndani ya fremu. Mstari ukionekana nje, bomba huvunjika au hupasua fremu. Tatizo la pili ni kuteleza: unaanza safari goti likiwa sawa, ukifika Mikindani kiti kimeshuka sentimita mbili na magoti yanauma. Watu wengi hudhani dawa ni kukaza zaidi klipu inayobana bomba hilo. Mara nyingi ni uchafu. Toa bomba lote, lifute kwa spiriti, futa pia ndani ya fremu, rudisha likiwa kavu. Kwenye bomba hili usipake grisi kabisa. Kisha weka alama ya kalamu ya wino mzito kwenye urefu wako, ili kila ukikunjua usibahatishe.

Nakuja kwenye chumvi. Ukipita kando ya mashamba ya chumvi na mikoko, au ukivuka kwa mashua kutoka Lindi kwenda Kitunda, ng'ambo ya maji, baiskeli imepata chumvi hata kama hukuona tone. Jioni hiyohiyo ioshe kwa maji yasiyo na chumvi, ndoo moja na kitambaa. Usitumie mashine ya kuoshea magari, kwa sababu maji yake yenye nguvu husukuma mchanga ndani ya beringi na kutoa grisi. Ikaushe, halafu tone moja la oili nyepesi kwenye kila pini ya bawaba, tone moja kwenye kila ekseli ya pedeli za kukunja, na ufute kinachobaki. Nyuso za bawaba zinapogusana zibaki kavu. Rimu na raba za breki zisiguswe na oili hata kidogo.

Mnyororo wangu wa kwanza niliuua kwa oili chafu ya gari, ile nzito nyeusi ambayo wengi huitumia. Hushika mchanga na kugeuka msasa. Sasa naufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kila Jumamosi, unakauka, kisha tone moja la oili nyepesi kwa kila kiungo. Nausubiri dakika 10, naufuta tena hadi kwa nje uwe kama mkavu, maana oili inayohitajika ni ile iliyoingia ndani ya viungo. Kupima uchakavu chukua rula ya shule ya inchi 12, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu viungo 24. Kwa mnyororo ambao haujachakaa, utakuta katikati ya pini iko kwenye 12 kamili. Ikipita kwa milimita moja na nusu, badilisha. Ukiuacha hadi milimita tatu, meno ya friwili (gia za nyuma) nayo yamekwisha kulika, na utanunua vyote viwili.

Kila mwisho wa mwezi safisha eneo la bawaba na lile la chini ya bomba la usukani, washa tochi, angalia michirizi. Kwenye fremu ya chuma, ufa hujitangaza kwa mstari wa kutu. Kwenye alumini hakuna kutu ya kukuonya. Unachoona ni rangi iliyopasuka kama unywele karibu na mahali palipochomelewa. Pitisha ukucha, na ukikwama, acha kuendesha siku hiyohiyo. Kuchomelea alumini kwa fundi wa mageti si ukarabati wa kuuamini, joto lake hudhoofisha chuma pembeni ya mshono.

Ukikunja kwa ajili ya basi, weka kwanza gia kwenye jino dogo la nyuma ili mkono wa gia (ule wa nyuma unaohamisha mnyororo) uingie ndani. Kagua waya za breki zisibanwe kati ya nusu mbili. Kwenye buti ilaze upande wa mnyororo ukiwa juu, na mwambie kondakta asiweke gunia juu yake: mkono wa gia ukipinda, gia zote hupotea mpangilio. Ukiikunjua, geuza usukani kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, bana breki zote mbili, ndipo upande.

Tairi huandikwa kiwango cha upepo ubavuni. Yangu inasema psi 40 hadi 65, nami hujaza 50 nyuma na 45 mbele. Ikishuka chini ya 40, mbigiri hazihitajiki, shimo lenyewe hubana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yanayofanana kama meno ya nyoka. Habari njema ni kwamba tyubu ya 20 x 1.75 ni ileile ya baiskeli nyingi za watoto, nayo inapatikana Mtwara na Lindi bila shida. Tairi ndilo la kuangalia. Ikiandikwa 20 x 1⅜ usikubali hata muuzaji akisema “inchi 20 ni inchi 20”. Rimu yake ni ya kipimo kingine, tairi hiyo haitakaa. Namba ya kutafuta ubavuni ni 47-406.

Mchanga mzito wa kwenda Msimbati niliujaribu mara moja. Gurudumu la mbele huzama na kukata kona lenyewe, hivyo sehemu hizo shuka usukume. Na mzigo: stika kwenye fremu yangu inasema kilo 105, mtu na vitu vyake pamoja. Keria ya nyuma ni ya mkoba na mboga za sokoni. Abiria hapana, gunia la korosho hapana, hata kama ni hadi kona ya jirani.