Uzoefu wangu: ritani ya 300 ya saiba, na kwa nini nimeanza kujijazia mwenyewe

Kwa karibu miaka minne nimekuwa nikipeleka ritani zangu za KRA (ile taarifa ya mapato ya mwaka unayopelekea mamlaka ya kodi ya Kenya) kwa saiba, duka la intaneti, moja hapa Nakuru, jina siweki. Bei ni 300, unampa PIN (namba yako ya mlipa kodi) na paswadi, unangoja dakika tano, anakuprintia risiti unaenda zako. Ile mbio ndiyo ilinipendeza, maana mwisho wa Juni foleni iko kila mahali na tarehe 30 ikipita hujafaili, faini ya mtu wa mshahara inaanzia 2,000.

Kitu kimoja sikuwahi kukitilia maanani, ni kwamba hiyo miaka yote hakuna siku niliulizwa P9, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi aliyokukata mwaka mzima. Juni 2025 nikaenda nayo mkononi, tena mbili kwa sababu 2024 nilihama kazi, nikaziweka kwa meza. Kijana akaniambia, "Hizo rudisha tu kwa mkoba madam, mimi PIN inatosha." Nikarudisha. Nilipofika nyumbani nikaisoma risiti vizuri, kumbe nimejaziwa nil! Nil ni ya mtu hakupata mapato yoyote mwaka mzima, kama mwanafunzi ambaye ana PIN tu. Mimi nimefanya kazi Januari hadi Desemba na waajiri wangu wote wawili wanapeleka PAYE (kodi inayokatwa kwa mshahara) kila mwezi kwa PIN yangu, kwa hivyo KRA wanaona mshahara halafu mimi mwenyewe nimeapa sikupata kitu. Usiku huo sikulala vizuri.

Nikasema narekebisha mwenyewe. Kuingia iTax, ule mtandao wa KRA wa kufaili, paswadi inakataa, nikaomba nyingine, nikaambiwa imetumwa kwa imeili ambayo si yangu. Ni ya saiba! Walipokuwa wakinifungulia akaunti zamani waliweka yao na mimi sikuangalia. Hapo nilikasirika sana, kwa sababu barua yoyote ya KRA kunihusu ilikuwa inaenda kwa mtu baki. Nilienda Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali, na kitambulisho, wakanibadilishia imeili, nikarudi nyumbani.

Sasa kazi yenyewe. Unadaunlodi fomu ya Excel kwa iTax, na ukisahau kuruhusu makro hakuna kitu kitafanya kazi. Kwa mtu wa mshahara peke yake kurasa za kujaza ni chache: sehemu F unaweka PIN ya mwajiri na mshahara wote, sehemu M unaweka PAYE aliyokukata, halafu sehemu T inakupigia hesabu. Ukiwa na waajiri wawili unaongeza mstari wa pili, usijumlishe pamoja.

Mimi hesabu nilitaka kuielewa kwanza kwa kalamu. Nikachukua slipu ya Julai 2024 ya kazi ya zamani, mshahara 60,000. Unatoa NSSF (akiba ya uzeeni) ya wakati huo 2,160, inabaki 57,840. Shilingi 24,000 za kwanza ni asilimia 10, yaani 2,400. Zinazofuata 8,333 ni asilimia 25, yaani 2,083.25. Zilizobaki 25,507 ni asilimia 30, hiyo ni 7,652.10. Jumla 12,135.35, unatoa relifu (punguzo la kodi) ya 2,400 ambayo kila mtu anapewa, halafu zile zilizokuwepo wakati huo, ya NHIF (bima ya afya) 195 na ya housing levy (makato ya nyumba) 135, inabaki 9,405.35. Nikaangalia slipu, PAYE ni hiyo hiyo mpaka senti. Sijui niseme vipi jinsi nilivyofurahi, miaka yote hiyo naona hiyo namba inakatwa na sijawahi kujua inatoka wapi.

Lakini fomu ilipomaliza ikasema nina deni la 7,616 na senti. Nikadhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Ikatoka ile ile. Mwishowe nikaona ni huo mwezi wa Julai: kazi ya zamani walinilipa mwezi mzima kwa sababu nilikuwa namalizia notisi kwa siku za likizo, na kazi mpya wakanilipa nusu mwezi, 37,500. Kila mmoja alinikata kama vile yeye ndiye mwajiri wangu pekee, kwa hivyo relifu ya 2,400 nikapewa mara mbili, na zile 24,000 na 8,333 za bei nafuu nazo mara mbili. Zile za mara ya pili ukizirudisha kwa asilimia 30, tofauti ni 4,800 na 416.65, ongeza relifu ya pili ya 2,400, deni ndilo hilo. Hakuna mwajiri aliyeiba wala kukosea, mmoja hakumwona mwenzake, na pa kukutanisha hizo P9 mbili ni kwa ritani peke yake.

Na hapa ndipo watu wengi wanaumia: ritani mwisho ni Juni 30 lakini deni kama hilo linafaa kulipwa kufikia Aprili 30. Ukichelewa kuna asilimia 5 juu yake na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Nilifaili kama ritani ya marekebisho ili ile nil iondoke, nikatoa namba ya malipo, nikalipa kwa M-Pesa. Yote ilinichukua Jumapili moja kuanzia saa nane mpaka giza likaingia, na nusu ya muda ilikuwa ni kuogopa tu.

Saiba kwa kuprinti na kuskani wako sawa na bei zao ni nzuri, kwa hilo nitaendelea kwenda. Kwa ritani, hapana. Kama lazima umpe mtu akujazie, mpe P9 yako na ukae hapo umwone akiifungua, na kabla hujatoka angalia imeili iliyoko kwa akaunti ni ya nani. Mimi P9 ya 2025 niliiomba HR mapema, nikajaza mwezi wa tatu, deni sufuri.