Audacity au Reaper? Tathmini ya programu za kuhariri podikasti kutoka Tanga

Anayerekodi mazungumzo Tanga hana budi kuanza na kelele za mahali pake kabla ya kuchagua programu ya kuhariri, kwa sababu nyumba nyingi za Ngamiani zina madirisha ya nyavu yasiyozuia mlio wa bajaji, feni haizimiki wakati wa joto la kaskazi, na kunguru wa mji huu hawana adabu kwa mgeni wala kwa mwenyeji. Kwa kigezo hicho, pamoja na gharama na uwezo wa kompyuta mpakato ya kawaida, nimezipima hasa programu mbili ninazozitumia kuandaa mazungumzo na wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge.

Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, ni ya bure, na anayeanza ataizoea upesi. Sifa yake kubwa kwetu ni zana ya kupunguza kelele: unachagua sekunde chache ambazo feni inasikika peke yake, programu inauchukua mlio huo kuwa sampuli, kisha inaupunguza katika rekodi nzima. Zana hii huiweza feni kwa kuwa mlio wake haubadiliki, lakini kwa kunguru na bodaboda, ambao huja na kupita, haifui dafu. Ukizidisha kiwango, mzee wa watu atasikika kama anayezungumzia ndani ya mtungi. Mimi huona afadhali feni ibaki kidogo kuliko sauti ya mtu iharibike.

Kasoro yake ni kwamba usafishaji huo hubadilisha sauti iliyomo katika mradi, na ukishaufunga mradi, huwezi tena kutengua hatua moja moja. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022, baadhi ya madoido, yaani zana za kubadilisha sauti kama za besi na mwangwi, yanaweza kuwekwa juu ya sauti bila kuigusa, jambo lililopunguza sana malalamiko ya zamani, ingawa zana ya kupunguza kelele haikuingia katika utaratibu huo.

Reaper, ya kampuni ya Cockos, imejengwa tangu mwanzo kwa namna ambayo rekodi ya asili haiguswi: kila unachokata au kusafisha ni maelekezo tu, nayo yanaweza kufutwa hata baada ya miezi. Faili la kuisakinisha ni dogo, haielemei kompyuta ya zamani, na unaijaribu kwa siku 60 ikiwa na uwezo wake wote. Baada ya hapo leseni ya mtu binafsi ni dola 60, inayolipwa mara moja na kudumu kwa matoleo makuu mawili. Ugumu wake ni sura: dirisha limejaa vitufe na menyu ndefu, na hakuna anayekushika mkono.

Kilichonifanya niipendelee ni hatua ya mwisho, yaani mastaringi, ambapo ukubwa wa sauti ya kipindi kizima husawazishwa kabla ya kukitoa. Apple inapendekeza podikasti iwe na wastani wa ukubwa wa sauti wa LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), ikiruhusu tofauti ya desibeli moja juu au chini, na vilele, yaani sehemu ambazo sauti hupanda ghafla, visivyozidi desibeli -1. Katika Reaper unaandika viwango hivyo kwenye dirisha la kutolea faili, nayo inavitekeleza. Audacity pia husawazisha wastani, lakini haivizuii vilele, kwa hiyo unalazimika kuongeza wewe mwenyewe limita, zana inayozuia sauti isivuke kiwango, na mzee mwenye kicheko kikubwa ndiye atakayekukumbusha.

Adobe Audition ina zana bora za kutibu kelele, ila ada yake ya kila mwezi haimfai asiye na mdhamini. Auphonic, huduma ya mtandaoni kutoka Austria, husawazisha sauti yenyewe na hutoa saa mbili za bure kila mwezi. Tatizo ni bando, kwani saa moja ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya sterio yenye ubora wa CD hukaribia megabaiti 635.

Anayeanza leo bila fedha achukue Audacity. Anayekusudia kutoa kipindi kila wiki avumilie ugumu wa Reaper mapema. Kwa programu yoyote kati ya hizo, mazungumzo matupu yatolewe kwa MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde: saa nzima haizidi megabaiti 30, na msikilizaji wa Pangani au Lushoto ataipakua bila kumaliza bando lake.