Wageni wako ni Wahindi? Wapeleke Brighton (uzoefu wangu)

Wakwe zangu walipokuja Uingereza kutoka Ahmedabad, tuliwalipia kwanza safari ya basi ya siku moja jijini London, zile zinazotangazwa kwa Wahindi kuwa ni za utamaduni na urithi. Kampuni siitaji. Buckingham waliionea dirishani. Tower of London, ilipo almasi ya Koh-i-Noor iliyotoka India, kwenye taji la mwaka 1937, unasimama juu ya mkanda unaokusogeza, ukipepesa macho umeshapita. Baba mkwe akauliza almasi ilifikaje huku. Kiongozi wetu akamwonyesha vyoo viliko.

Brighton tulijiendea wenyewe kwa treni kutoka Victoria, kama saa moja tu. Jumba la Royal Pavilion lilikuwa la starehe za Mfalme George IV, na msanifu John Nash ndiye aliyelijenga upya kati ya 1815 na 1822. Nje makuba ya Kihindi, ndani Uchina mtupu, hadi joka linaloning'iniza taa ukumbi wa karamu. Mama mkwe alitazama juu, akasema, "Huyu kwetu hakufika." Na kweli Nash hakufika India.

Kilichowashika hasa ni habari za hospitali. Kuanzia Desemba 1914 hadi mapema 1916, askari wa Kihindi waliojeruhiwa vitani Ufaransa na Ubelgiji walitibiwa humu. Kwenye picha vitanda vimepangwa safu kwa safu chini ya mataa ya ukumbi wa muziki. Majiko yalikuwa tisa, kila dini na tabaka wapikiwe na watu wao, na Wahindu na Waislamu kila mmoja na bomba lake la maji. Mama mkwe, ambaye chakula cha mgahawani hakigusi mpaka ahojiane na mpishi, aliisoma habari ya majiko, akamwita mumewe naye aje asome. Mimi mtu wa Tanga niliwakumbuka askari wenzao wa Kihindi walioletwa kupigana kwetu Novemba ya mwaka huohuo wa 1914.

Lango la kusini ni zawadi ya India, lilizinduliwa na Maharaja wa Patiala mwaka 1921. Zuri, lipige picha uendelee, kwani Chattri, kumbukumbu ya askari hao, ndiyo ya kutengewa muda. Iko vilimani karibu na Patcham, mahali walipochomwa Wahindu na Masingasinga 53 waliofia hospitali za Brighton. Ni kuba la marumaru nyeupe juu ya nguzo nane. Waislamu walizikwa Woking.

Natoa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu gari halifiki Chattri: unakata malisho kwa miguu, unafungua na kufunga mageti, na mvua ikinyesha ni tope. Huko juu hakuna choo wala duka. Mzee mwenye magoti mabovu asijaribu, na kina mama viatu vya wazi waviache nyumbani.