Head Supershape e-Magnum: ski za watu wa asubuhi

Nafanya kazi mapokezi, zamu ya usiku, katika hoteli moja mjini Schladming, Austria. Nikitoka kazini, kebo (vibanda vinavyoning'inia kwenye waya) ya kupanda mlima Planai inakaribia kufunguliwa, na kituo chake cha chini kipo papo hapo mjini. Basi nateleza kwenye theluji kwa ski, zile mbao mbili ndefu za kufunga miguuni, hadi kama saa tano asubuhi, ndipo naenda kulala. Haya nayaeleza mapema kwa kuwa ndiyo yaliyoamua ninunue ski gani. Saa hizo mteremko umetoka kusawazishwa na matrekta ya minyororo yaliyofanya kazi usiku, theluji ni ngumu, na kule chini karibu na uwanja ambako wanaume hushindana slalomu, mbio za kupinda katikati ya nguzo, chini ya taa kila Januari, mara nyingi unakanyaga barafu. Mchana, theluji inapolainika na kurundikana vichuguu, mimi nimeshajifunika blanketi.

Duka nililokwenda linakodisha ski za majaribio, na ukinunua, pesa ya kukodi inapunguzwa kwenye bei. Muuzaji alinipeleka moja kwa moja kwenye rafu ya wanaoanza. Nikamtajia Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia hapahapa Austria na kuiwakilisha Kenya kwenye mbio za ski za milimani katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018. Tukahama rafu.

Nilijaribu ndugu watatu wa ukoo wa Supershape wa kampuni ya Head: e-Speed, e-Magnum na e-Rally. Zikiwa zimesimama ukutani utadhani zinapishana rangi tu. Tofauti iko kiunoni, yaani pale chini ya kiatu ambapo ski ni nyembamba kuliko mahali pengine: milimita 68, 72 na 78. Ni milimita kumi tu kati ya ya kwanza na ya mwisho, lakini mguu unazisikia zote. Kiuno kikiwa chembamba, ukingo wa chuma unakaa karibu na mstari wa mguu wako, kwa hiyo kuilaza ski upande huu kisha upande ule ni kazi nyepesi, na goti halipindwi sana kwenye barafu. Kiuno kikiwa kipana, ski inaelea vizuri zaidi theluji inapokuwa laini na iliyovurugika.

e-Speed ni hodari, lakini inadai. Ukiilegezea kidogo inakwenda inakotaka yenyewe, na mimi baada ya kukesha nikipokea Waholanzi waliochelewa njiani sina nguvu za kubishana na ski. e-Rally ni mpole, haina makuu, ila kwenye ile barafu ya chini nilikuwa nikiisubiri ihame ukingo. e-Magnum ndiyo iliyonituliza moyo. Unailaza, inashika, inazunguka kona bila kuburuza mkia, na nyuma yako inabaki mifuo miwili myembamba. Kipenyo-nusu cha kona yake ni kama mita 13 tu, kwa hiyo kona inafungwa mapema na huhitaji mwendo wa kutisha ili upate raha. Kwenye njia nyekundu, yaani ya ugumu wa kati, yenye watu wengi, hilo ni jambo kubwa.

Wazee wa hapa wanakumbuka ski ndefu zilizonyooka, zaidi ya mita mbili, ambazo mtu alilazimika kuzisukuma zigeuke. Mambo yalianza kubadilika miaka ya mwanzo ya 1990, kiwanda cha Elan cha Begunje, Slovenia, kilipoleta SCX yenye ubavu uliobonyea sana. Leo karibu kila ski ya njia zilizosawazishwa inafuata umbo hilo, kwa hiyo muuzaji akikuambia yake tu ndiyo “inayokata”, mwache amalize.

Ile herufi “e” inahusu mfumo wa kugeuza mtetemo kuwa umeme ili kuutuliza. Ski imetulia kweli, sikatai. Kama ni umeme au ni tabaka za metali zilizomo ndani, miguu yangu haiwezi kutenganisha, na nisingelipa senti moja ya ziada kwa ajili ya herufi.

Urefu nilichukua sentimita 163. Nina kilo 61 na kimo cha mita 1.66. Muuzaji alipendelea 170, kwa hoja kwamba nitatulia zaidi nikienda kasi. Ni kweli, lakini mimi napenda kona fupi, tena nyingi. Jambo ambalo sikumpa nafasi ya kulijadili ni viatu: nilikwenda na vyangu, vinavyobana bila kuumiza, kwa sababu kiatu kikicheza, ski ya bei yoyote inakuwa ubao. Vifungio, yaani vishikizo vinavyokamata kiatu kwenye ski, alivirekebisha kwa kunipima uzito, kimo, umri, urefu wa soli na kiwango cha uzoefu. Usikubali fundi akukisie hayo kwa macho.

Nililipa euro 540 pamoja na vifungio, mwezi wa Aprili, kwa toleo la msimu uliokuwa unaisha. Novemba ni mwezi wa watalii kununua.

Kasoro zipo. Ni nzito, na kutoka maegesho hadi kebo bega linalalamika. Tena haisamehe makali yakiwa butu. Hapa ndipo wengi wanailaumu ski bure: ukingo usionolewa hauwezi kuuma barafu, kama vile kisu butu kinavyoparaza nyanya bila kuingia. Mimi napitisha jiwe la almasi kila baada ya siku chache, na fundi ananinolea kwa nyuzi 88 ubavuni. Anayejua atakuuliza unataka nyuzi ngapi kabla hajawasha mashine.

Kama ndiyo kwanza unajifunza kusimama, kodi tu kwanza. Kama wewe ni wa kuchelewa kuamka na kupanda baada ya chakula cha mchana, chukua e-Rally. Mume wangu ana kilo 94, halali saa ninazolala mimi, na hupanda na watoto mchana. Alijaribu e-Magnum kama zangu, ila za urefu wake, akasema zinamharakisha, akachukua e-Rally ya 177. Kwa saa zake, amechagua sawa.