Umeme ukikatwa na wadukuzi, sola yako itaamka yenyewe?

Msomaji wa Bububu aliniandikia kwa hasira, na tangu nimjibu wengine wameleta kilio kilekile. Alinunua seti kamili: paneli, betri ya lithiamu, inveta na chaji kontrola isiyo na jina, yaani kile kiboksi kinachosimamia umeme wa paneli unavyoingia kwenye betri. Zikapita siku za mawingu mfululizo, betri ikaisha mpaka ikajikata. Jua likatoka, paneli ikawa ya moto juu ya bati, lakini kioo cha kontrola kikabaki cheusi. Fundi alikuja na betri ya bodaboda, akagusisha nyaya zake kwenye kontrola, taa ya kijani ikawaka na chaji ikaanza kuingia.

Hiyo ndiyo kasoro ambayo hakuna muuzaji anayeitaja. Kontrola nyingi hupata uhai wake kutoka kwenye betri, si kwenye paneli. Betri ya lithiamu nayo ina kinga ya ndani, mafundi wanaiita BMS, inayokata mawasiliano yote chaji ikishuka sana. Betri ikijikata, kontrola inakufa. Kontrola ikifa, betri haichajiwi. Siku za kawaida hutaligundua tatizo hili, maana umeme wa gridi ukirudi jioni inveta inaichaji betri na maisha yanaendelea. Gridi isiporudi kwa wiki mbili, umebaki na mzigo wa vioo juu ya paa.

Na gridi inaweza kukawia kurudi. Unguja ilikaa bila umeme wa Bara kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa hitilafu ya njia ya waya wa chini ya bahari, na maji yakawa shida kwa sababu pampu zinataka umeme. Ile haikuwa kazi ya wadukuzi, ila ndiyo picha ya karibu tuliyo nayo. Wadukuzi wameshaonyesha uwezo wao Ukraine: tarehe 23 Desemba 2015 waliingia kwenye kompyuta za kampuni tatu za usambazaji, wakakata umeme kwa mbali, wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Umeme ulirudi baada ya saa kadhaa kwa sababu mafundi walikwenda vituoni kuwasha swichi kwa mikono. Mashine zikiharibika ni habari nyingine. Mwaka 2007 huko Idaho, Marekani, watafiti waliiharibu jenereta kubwa ya dizeli kwa amri za kompyuta tu, mpaka ikafuka moshi. Transfoma kubwa ya gridi haipatikani dukani. Inaagizwa, na inaweza kuchukua miezi mingi kutengenezwa.

Kwa hiyo nikipanga mifumo ya umeme wa nyumbani kwa ubora, sipangi kwa wati. Hesabu ya friji na feni muuzaji yeyote atakufanyia. Napanga kwa swali moja: kikizima kabisa, kitaamka bila gridi na bila intaneti?

Nafasi ya kwanza naipa seti ya vipande unavyochagua mwenyewe, yenye kontrola ya Victron. Ndiyo, nina upendeleo na kampuni hii ya Uholanzi, na sababu ninayo. Modeli zake za SmartSolar MPPT 100/30 na 100/50 (MPPT ni aina ya kontrola inayovuna umeme zaidi kutoka kwenye paneli kuliko ile rahisi ya PWM) zimeandikwa kwenye karatasi yake ya maelezo kwamba zinaanza kuchaji hata betri iliyoshuka hadi volti sifuri, na zinaunganika tena na betri ya lithiamu iliyojikata. Mipangilio unaifanya kwa simu kupitia bluetooth, bila intaneti, mradi programu yake umeshaipakua mapema. Iunge na paneli zenye jumla ya wati 400 na betri ya LiFePO4, aina mojawapo ya lithiamu, ya volti 12.8 na Ah 100 (Ah ni kipimo cha ujazo wa betri). Hapo una Wh 1,280, yaani wati kwa saa: taa, redio, simu za nyumba nzima na feni ndogo ya usiku. Mwambie fundi apange inveta ikate kwenye volti 12, isisubiri BMS. Ukiwa na kontrola nyingine usiyoweza kuibadilisha leo, weka ndani betri ndogo ya pikipiki iliyochajiwa, ya volti sawa na mfumo wako, ya kuiamshia.

Ya pili ni zile betri za kubeba zenye soketi na inveta ndani ya boksi moja, kama EcoFlow na Bluetti. Ni nzuri kwa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa paa. Kabla ya kulipa, zima data na waifai kwenye simu yako, kisha washa kila soketi kwa vitufe vya boksi lenyewe. Kitu chochote kinachokwambia ujisajili kwanza, kiache hapohapo.

Ya tatu ni jenereta ya petroli. Inafaa kwa siku chache. Pampu za kituo cha mafuta zinatumia umeme, na Lipa Namba inataka mtandao, kwa hiyo hesabu lita ulizonazo na noti ulizonazo. Iwashe kila mwezi: Kenya ilipoingia gizani tarehe 25 Agosti 2023, jenereta ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, ilikataa kuwaka.

Ya nne ni sola za kulipia kidogo kidogo. Zimewawashia taa watu wengi vijijini, nazisifu kwa hilo. Lakini siku ulizolipia zikiisha zinajifunga mpaka upate namba ya kufungulia, na namba inakuja baada ya malipo ya simu. Julai 2019 wadukuzi waliifunga mifumo ya City Power, Johannesburg, wateja wa mita za malipo ya kabla wakashindwa kununua umeme wakati nguzo na nyaya ni nzima. Kama unayo, maliza deni mapema.

Ya mwisho ni inveta ya sola iliyofungwa kwenye gridi bila betri. Gridi ikizima nayo huzima, hata jua likiwa utosini. Imetengenezwa hivyo kumlinda fundi aliye kwenye nguzo.

Taa ndogo ya sola, kama za Sun King, nunua kwa pesa taslimu, moja kila chumba.

Sasa wauzaji. Neno MPPT limebandikwa kwenye kontrola ambazo ndani ni PWM ya kawaida. Betri imeandikwa Ah 200 na unaiinua kwa mkono mmoja. Ya lithiamu ya volti 12 na Ah 100 pekee ina uzito wa kilo kumi au zaidi, kwa hiyo nenda na mizani. Bei inapanda ukifika na gari, inapanda tena ukiwa mwanamke uliyekuja peke yako. Ukiuliza habari ya betri kujikata, unaambiwa, "Dada, hii haiishi chaji."

Mwandikishe hayo. Kwenye risiti ya EFD au karatasi yenye mhuri wa duka, iandikwe kwamba ndani ya siku saba utaimaliza betri mpaka ijikate, swichi ya gridi ikiwa imezimwa, na kontrola isipoamka kwa jua peke yake unarudishiwa pesa. Muuzaji akikataa, beba pesa zako uende duka la pili.