Uzoefu wangu na "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka": kwa wapenda shamba wenzangu

Niseme mapema, mi shamba sina. Nna viroba vya mchicha, matembele na nyanya kwenye korido ya nyumba ya kupanga huku Mbagala, na mwenye nyumba anavivumilia tu. Ila kwa vitabu vya maisha ya kijijini na kilimo sijiwezi, nanunua kila ninachokutana nacho, riwaya, vijarida, miongozo ya mabwana shamba, hadi vile vya zamani ambavyo mbolea wanayoshauri haipo tena madukani. So hii rivyuu ichukulieni ni ya msomaji anayependa sana kusoma kuhusu jembe kuliko anavyolishika.

Kitabu chenyewe ni cha mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, juzuu mbili, Tanzania Publishing House 1980. Aliandika kwanza kwa Kikerewe akamaliza 1945, kikakaa miaka na miaka bila mtu wa kukichapa, baadae watafiti wa Kimarekani waliofika kisiwani wakamshauri akiweke kwa Kiswahili na akakaa mwenyewe uzeeni akatafsiri lote. 1980 kikatoka, 1981 akafariki. Hiyo peke yake ilinifanya nikisome kwa heshima, lakini heshima haikumalizishi kurasa mia kadhaa, kinachokumalizisha ni utamu.

Stori kwa kifupi: Myombekere na mkewe Bugonoka wanapendana ila hawana mtoto, ndugu wa mume wanaanza maneno, wazazi wa mke wanachoka wanamchukua binti yao wanarudi nae kwao. Myombekere akienda kumuomba, wakwe wanamwambia sawa, ila kwanza tuletee pombe ya ndizi. Na hapa ndo mimi nilipotekwa kabisa, maana mwandishi mwingine angesema "akapika pombe akapeleka" akasonga mbele, mzee Kitereza hana haraka hiyo, yeye anakupitisha kwenye kazi yote. Kama hujawahi kuona inavyofanyika, ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa pamoja na nyasi hadi maji yatoke, yanachujwa, unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, inafunikwa ichachuke, na kila hatua inataka mikono ya watu, sio ya mtu mmoja. Wahaya wa Kagera na rubisi yao wanajua nnachosema. Ukifika mwisho unaelewa kwanini wakwe walidai pombe na sio ng'ombe tu, kwasababu pombe huwezi kuipata bila migomba yako iliyotunzwa, na majirani wanaokubali kuja kukusaidia, kwahiyo wanampima mtu mzima mzima, shamba lake na tabia yake kwa pamoja. Hakuna mwongozo wa kilimo niliowahi kusoma ukanifundisha hilo.

Na sio pombe tu. Kulima, kupalilia, kuvuna, kukamua maziwa, kuvua, dawa za miti, nani anakaa wapi wakati wa kula, mgeni anasalimiwaje, vyote vimo, na vimewekwa ndani ya maisha ya watu sio kama somo. Chakula kwenye kitabu hiki kina jasho. Mtu akila ugali unajua nafaka ilitoka wapi na nani aliisaga, na jiwe la kusagia nafaka ni zito jamani, mwanamke aliyekuwa analisukuma kila siku hakuhitaji gym.

Nikalinganisha na vingine nilivyonavyo. Utubora Mkulima ya Shaaban Robert naipenda, jamaa anaacha kazi nzuri mjini Unguja kwa tajiri wake Ahadi anaenda zake Busutamu kulima, na kama na wewe uko ofisini unaota kuacha kazi kitakuchoma hicho. Ila kwa maoni yangu shamba la Utubora ni shamba la maadili zaidi, sikumbuki kumhurumia kwa ajili ya wadudu. Gamba la Nyoka ya Kezilahabi, nae Mkerewe pia, sijui hicho kisiwa kina maji gani, inahusu wanakijiji kugoma kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, kali sana kwa siasa ya ardhi, ila udongo wenyewe haukai kwenye kucha zako kama kwa Kitereza. Alafu kuna jarida la Mkulima Mbunifu, la kilimo hai, hilo la vitendo kabisa, mboji, dawa za asili za wadudu, mimi viroba vyangu vinaishi kwa ajili yake. Tofauti ni kwamba jarida nalisoma nikiwa na tatizo, Myombekere namsoma hata nyanya zikiwa salama.

Jambo jingine, kitabu kilinifungua nianze kutafuta habari za kilimo cha visiwa vile. Kumbe Ukara, kisiwa kidogo jirani na Ukerewe, wanajiografia wamekiandika sana, maana watu walikuwa wengi ardhi ndogo, wakawa wanafuga ng'ombe ndani ya nyumba wakiwaletea majani, samadi inakusanywa inapelekwa shambani, na kwenye uwele wanapanda marejea, mmea wa jamii ya kunde, katikati ili baadae yafukiwe yarutubishe udongo. Hayo walifanya wenyewe zamani, wala sio kwa semina. Leo tunalipia mafunzo ya mtandaoni kufundishwa "mbolea ya kijani" kana kwamba imeshushwa jana, aisee.

Haya malalamiko sasa. Kwanza upatikanaji ni shida tupu, mimi nimekipata kwa muuza vitabu vya mtumba mjini baada ya kumsumbua muda mrefu, juzuu ya pili imelegea gundi na kuna kurasa zimeliwa pembeni na mende, na bei aliyonipiga sitaitaja mke wangu anaweza kusoma hapa. Pili, kinaenda polepole. Ukizoea riwaya za upelelezi za kurasa tisini utaona salamu haziishi, kuna sehemu watu wanasalimiana hadi chai inapoa, mi nilizipenda lakini rafiki yangu mmoja alikirudisha hajafika mbali akasema "hawa watu wataanza lini?". Tatu, Kiswahili chake kina ladha ya Kikerewe, kuna majina ya miti, samaki na vyombo ambayo utabaki unakisia, ingefaa toleo jipya liwekwe michoro ya vyombo na mimea, ingekuwa dhahabu. Na nne, kazi za wanawake zinaonekana vizuri ila maamuzi mengi ni ya wanaume, mabinti wa siku hizi watakunja sura sehemu kadhaa, na wana haki.

Wanaosoma Kiingereza lipo toleo la Mkuki na Nyota la 2002, katafsiri Gabriel Ruhumbika, nae wa hukohuko Ukerewe, na hilo ni rahisi zaidi kulipata. Inaniuma kidogo kusema hivo, kitabu cha Kiswahili kupatikana kwa Kiingereza kuliko Kiswahili, lakini bora usome kuliko ukose.

Nani akinunue? Kama unataka kujua heka moja inatoa magunia mangapi, hapana, katafute bwana shamba. Kama umekulia kijijini ukahamia mjini na kuna harufu za jikoni kwa bibi umezisahau, chukua. Kama umekulia mjini kabisa na unadhani kijijini ni sehemu ya kwenda kuzika tu na kurudi, wewe ndo kabisa. Usikisome kwenye daladala, soma jioni kidogo kidogo, ukiwa umeshakula maana kitakutia njaa.

Nyota 4 na nusu. Hiyo nusu nimeikata kwa wachapishaji kwa kutotuchapia upya, mzee Kitereza mwenyewe namwachia zote tano. Mwenye juzuu ya pili nzima isiyoliwa na mende naomba anitafute, nabadilishana kwa hela au kwa miche ya nyanya.