Choki ya chuma au balasti ya elektroniki?

Choki na balasti ni vifaa vya kudhibiti mkondo wa umeme kwenye tyubulaiti. Ukitaka kupunguza mwanga wake, choki ya chuma haikufai. Swichi ya kupunguzia hukata kipande cha kila wimbi la umeme. Nyuzi za ncha za tyubu hupoa, taa hupepesa, kisha huzimika. Dukani Chake Chake nimeiona moja iliyoteswa hivyo: ncha zake nyeusi kama masizi.

Balasti ya elektroniki iliyoundwa kwa kazi hii hupandisha masafa ya umeme, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, kutoka hezi 50 hadi zaidi ya 20,000. Yakizidi kupanda, mkondo hupungua, mwanga nao hufifia, na nyuzi hubaki na moto wake. Macho yanapumzika kweli.

Choki ni nzito, ila huvumilia umeme wa kupanda na kushuka. Hata hivyo, chuoni watoto wanakosoma usiku, nafunga balasti.